Mpiga Picha Aliyehesabu Mwanga kwa Tasbihi

Mtu ninayetaka kumweleza hapa alinifundisha kila ninachokijua kuhusu mwanga. Miaka yote aliyokuwa akinifundisha, alijua kwamba picha ya babu yangu iliyotundikwa sebuleni kwetu si ya babu yangu. Nimejaribu mara kadhaa kuanza na mema yake, kisha nilifikie hili mwishoni kama mtu mstaarabu, lakini kila nikianza hivyo naona kama ninamsaidia kuficha. Kwa hiyo nimeliweka mbele. Sasa naweza kumsifu kwa amani, kama amani ipo.

Hapa Garissa watu walimwita Sawirqaade, yaani mpiga picha, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa chini, wa upande wa pwani. Kisomali chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei na kuuliza hali. Nilimwita adeer, kama tunavyomwita mwanamume yeyote wa rika la baba zetu au zaidi. Yeye aliniita Msomi, kwa sauti ambayo mpaka leo sijaweza kuamua kama ilikuwa ya heshima au ya dhihaka.

Nilimfikia kwa sababu ya kioo. Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya kemia ndani ya faili la plastiki, nimeomba kazi kwenye mashirika ya wakimbizi ya Dadaab mpaka nikaanza kuwajua walinzi wa malango yote, na hooyo, mama yangu, alichoka kuniona nimekaa. Akanipa ile picha ya ukutani, kioo chake kimepasuka, akaniambia niipeleke kwa aliyeitengeneza. Mpiga Picha aliipokea, akaiweka mezani, akaitazama muda mrefu kuliko kioo kilivyohitaji.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akaniuliza.

Nikamwambia.

Akaniinua kidevu kwa kidole kimoja, kama fundi anayekagua kazi. "Una paji la babu yako," akasema.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya maana aliyowahi kuniambia. Kisha akaniuliza nimesoma nini, nikasema kemia, akasema, "Basi njoo kesho unichanganyie dawa." Nikaenda kesho, na kesho kutwa, na ikawa miaka minne.

Chumba chake cha giza kilikuwa nyuma ya duka, mahali palipokuwa stoo ya ngozi za mbuzi. Kilinuka siki na ngozi. Ndani kulikuwa na mashine ya kukuzia: taa juu, chini yake negativu, ile filamu yenye sura iliyogeuzwa, lenzi chini ya negativu, na chini kabisa ubao ambapo karatasi hulala kusubiri mwanga. Jambo la kwanza alilonifundisha bado linanisumbua. Ndani ya chumba kile, mwanga ndio unaoleta weusi. Karatasi ikipata mwanga mwingi inakuwa nyeusi; ikipata kidogo inabaki nyeupe.

"Kwa hiyo, Msomi," alisema, "ukitaka kuficha kitu kwenye picha, hukizimii taa. Unakimulika zaidi."

Nilicheka. Nikaliandika kwenye daftari.

Kazi yake yote ilikuwa kuutawala ule mwanga, na Garissa haikumsaidia. Stima ilikuja na nguvu zake asubuhi, ikachoka mchana, ikazinduka alasiri. Mtu mmoja aliwahi kumletea swichi ya kuzungusha ya kupunguzia taa, akaikataa. "Ukiipunguzia taa stima," alisema, "inabadilika tabia. Inageuka nyekundunyekundu, na karatasi inaiona kama mtu mwingine. Taa iache kama ilivyo. Funga lenzi." Lenzi ilikuwa na pete yenye namba, na kila ulipoizungusha hatua moja ilipiga mlio mdogo, ka, na mwanga ukapungua nusu. Ukipunguza mwanga nusu, unaongeza muda mara mbili. Yeye alipenda mwanga mdogo na muda mrefu, ili mikono yake ipate nafasi ya kufanya kazi: kiganja kimoja kinakinga shavu lisiungue, kingine kinaacha tundu dogo ili anga likolee.

Muda aliupima kwa tasbihi. Punje moja, sekunde moja. Stima ikilegea katikati ya hesabu, aliongeza punje bila kusimama, kwa kuangalia tu jinsi sura ilivyofifia kwenye karatasi, na sikumwona akikosea. Sheikh mmoja wa mtaani alimjia juu kwa hilo, akamwambia tasbihi si saa ya ukutani.

"Kila punje namtaja Mungu," Mpiga Picha akamjibu. "Nionyeshe fundi mwingine mjini hapa anayemtaja Mungu mara thelathini kwa kila mteja."

Sheikh akaondoka akitikisa kichwa, na mwezi uliofuata akaja kupiga picha ya pasipoti.

Adui yake mkubwa, na mtu aliyemhitaji kuliko wote, alikuwa jirani tuliyemwita Mama Barafu. Aliuza maziwa ya ngamia, soda na barafu, na friji lake kubwa lilikuwa limeegemea ukuta uleule wa chumba cha giza. Friji likianza kunguruma, taa ya mashine inafifia.

"Mama Barafu! Zima kidogo!" alipiga kelele ukutani, mkono mmoja juu ya picha ya mtu, mwingine kwenye tasbihi.

"Nizime nini, wewe mzee wa bicha?" sauti ikarudi, kwa ule ulimi wa Kisomali unaogeuza kila p kuwa b. "Friji yangu imekukosea nini?"

"Inakunywa stima yangu!"

"Stima yako? Umekuwa kambuni ya umeme lini?"

"Dakika moja tu!"

"Dakika yako naijua mimi. Soda zangu zikibata moto, uje wewe ubige miayo hapa mbele badala ya wateja."

Lakini alizima. Na ilipofika mchana, dawa kwenye trei zikipata joto mpaka picha zikaanza kutoka na ukungu, Mpiga Picha alinikabidhi ndoo niende nimwombe barafu yule yule aliyemtukana asubuhi. Mama Barafu aliijaza huku akilalamika. Niliwahi kumwuliza kwa nini anamvumilia. Akaniambia, "Yeye ndiye ana sura ya marehemu mume wangu ndani ya kobo lake. Nitagombana naye mbaka wabi?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake mjini. Simu zilipokuja na kila kijana akawa mpiga picha, wenzake walifunga maduka. Yeye alibaki kwa sababu ya makopo. Yalikuwa makopo makubwa ya maziwa ya unga, yamepangwa rafuni, na ndani yake bahasha za kaki zenye namba, na ndani ya kila bahasha negativu ya mtu. Namba ileile aliiandika nyuma ya picha ndogo aliyompa mteja. Wanaume wa zamani waliokuja kupiga picha za vipande, yaani vitambulisho, wafanyabiashara wa ngamia waliopita, maarusi, mahujaji: wote walikuwa mle. Mtu akifa, familia ilikuja kwake. Aliingia chumbani, akatoka na uso. Hakuniruhusu kuwapa watu pole kabla hawajaitazama picha. "Waache waonane kwanza," alisema.

Na alikuwa na msimamo wa ukweli ambao ulinifanya nimheshimu karibu kama imamu. Mama mmoja wa bibi arusi alikuja kutaka mtoto wake atoke mweupe. Ni jambo rahisi. Unapunguza mwanga tu.

"Mungu amempa punje thelathini," Mpiga Picha akamwambia. "Mimi nikimpa kumi na tano, nani atamjibu Mungu?"

"Nitajibu mimi!" mama akasema.

"Basi keti hapo, nianze kukupiga picha wewe, uende nayo huko ukajibu."

Mama yule alitoka akiwa amefura, akaenda kwa vijana wa simu. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa fahari, nikamsimulia hooyo, na hooyo akainua macho kwenye ile picha ya ukutani akasema, "Ndiyo maana nilimpa baba yangu yeye na si mtu mwingine."

Lazima niieleze picha hiyo. Ni kubwa kiasi cha sinia ya chai. Mwanamume wa makamo, kofia nyeupe, ndevu fupi. Nusu ya uso wake imezama kwenye kivuli na nusu nyingine imetoka kidogo tu, kama mtu anayesikiliza maneno akiwa mlangoni. Baba yake hooyo alifariki hooyo akiwa bado tumboni. Kipande chake kilichukuliwa na mafuriko ya Tana pamoja na sanduku zima. Hooyo alipokaribia kuolewa alimwendea Mpiga Picha, akamwomba amkuzie baba yake ili awepo siku ya nikaha. Picha aliipata Alhamisi, akaolewa Ijumaa. Ayeeyo, bibi yangu, alikuwa amekwisha kupofuka kwa maradhi ya macho. Walimpa fremu mikononi, akakipapasa kioo, akalia, na kilio chake ndicho kilichokuwa muhuri. Nani tena angeuliza?

Mtu mmoja aliuliza. Ndugu wa babu, aliyeishi na ngamia zake upande wa Takaba, alikuja kwetu mara moja nikiwa mdogo. Akaisimamia picha, akasema, "Huyu hakuwa na ndevu hivi." Wakamwongezea chai, na alipoondoka wakasema uzee umeanza kumchukua.

Hooyo alikuwa akiifunika picha ile kwa shash, mtandio wake, wakati wa swala, kwa sababu ya sura, kisha akiifunua na kuisalimu. Aliiambia mambo. Siku niliyorudi na shahada yangu aliinyanyua karatasi ile mbele ya kioo, akaizungusha ili yule aliye mle ndani aweze kuisoma. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikisimama mbele ya kioo cha kabati, nikitafuta lile paji la uso na ule mdomo kwenye uso wangu. Niliviona. Ukitafuta kitu kwa miaka mingi kwenye uso wako, utakiona.

Nilipokwisha kujifunza kazi, niliitazama picha ile kwa jicho jingine, la fundi. Kivuli kile kilikuwa kazi ya ajabu. Kukoleza nusu ya uso namna ile bila kuuvunja kunahitaji kumulika upande mmoja kwa muda mrefu huku ukiukinga wa pili, na mkono usitetemeke. Hakuna picha yake nyingine iliyokuwa hivyo. Nyingine zote zilikuwa na uso wazi. Nilimwuliza alifanyaje.

"Haraka," akajibu, akabadilisha mazungumzo.

Nililibeba neno hilo wiki nzima. Niliamua ni unyenyekevu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo ningepaswa kulifikiria zaidi, mimi ninayefikiria hata yasiyohitaji. Balbu ya mashine ilikuwa ya wati sabini na tano, na zilianza kuwa adimu. Siku moja nikapata sokoni ya mia na hamsini, ya umbo lilelile, nikamletea nikidhani nitasifiwa. Aliichukua mkononi mwangu, akatoka nayo nje, akaiweka chini na kuipiga jiwe. Kisha akarudi, akaendelea kufunga bahasha. Nilikwenda nyumbani nikiwa na hakika kwamba amenichoka.

Mwaka jana macho yake yaliingia ukungu. Alianza kuniuliza namba za lenzi, kisha akaanza kunituma kuzungusha lenzi, na mwishowe akanipa funguo na kuhamia kwa binti yake. Nilibaki mle ndani peke yangu, na tasbihi yake pia aliniachia.

Ndipo akaja mgeni kutoka Griftu. Alikuwa mama wa rika la hooyo, amekuja hospitali ya mjini kwa ajili ya mguu wake, na katika pochi yake alikuwa na picha ndogo iliyolika mpaka uso ukabaki doa. Nyuma yake kulikuwa na namba.

"Ni baba yangu," akaniambia kwa Kisomali. "Alileta ngamia kuuza hapa zamani, akapigwa picha. Wajukuu wanataka kumjua."

Nilifungua kopo la nne. Bahasha yake ilikuwepo, na negativu ilikuwa safi. Nikaiweka kwenye mashine, nikafunga lenzi mpaka nane, nikahesabu punje ishirini na tano. Nikaitia karatasi kwenye dawa na kuanza kuitikisa trei. Kwanza ikaja kofia. Kisha ndevu fupi. Kisha, pasipo kivuli chochote, wote ukiwa wazi, uso ule niliousalimu kila asubuhi ya maisha yangu.

Wazo la uongo halikunijia hata kidogo. Ndivyo nilivyomwamini. Nilichofikiria ni kwamba babu alikuwa na mke wa pili Griftu, na kwamba mwanamke aliyekaa kwenye benchi ni dada yake hooyo. Nilitoka nikiwa na karatasi inayodondoka maji, nikamwita habaryar, mama mdogo, nikaanza kulia mbele yake. Maskini alidhani nimechoma picha.

Nikampeleka nyumbani. Hooyo alikuwa anachambua mchele. Mgeni alivuka kizingiti, akaona ukuta, akaweka mkono kifuani.

"Baba yangu anafanya nini hapa?" akasema.

"Ni baba yangu," hooyo akasema.

Walikumbatiana. Walilia wote wawili, na mimi nikawa mjinga wa tatu. Wakaketi kupanga undugu, jambo ambalo kwetu halichukui muda, maana kila mtu anawajua babu zake mpaka wa kumi. Mgeni akamtaja baba yake, na baba wa baba yake. Hooyo akataja wa kwake. Hawakukutana popote. Wakarudi nyuma zaidi, polepole, na sauti ya hooyo ikaanza kupungua. Kisha hooyo akauliza baba yake mgeni alifariki mwaka gani.

"Miaka sita iliyopita," mgeni akasema. "Alikuwa mzee sana. Alikufa kitandani mwake, wallahi, alikuwa ameomba chai."

Hooyo aliinamisha kichwa juu ya ule mchele.

"Subhanallah," akasema. "Nimemwombea rehema miaka yote hii mtu aliyekuwa anakunywa chai Griftu."

Mgeni alianza kucheka, akaziba mdomo, akaomba radhi. Ilipofika jioni alitaka picha ibaki. "Muache akae, walaal, ndugu yangu," alimwambia hooyo. "Alipenda kutembea. Amezoea hapa." Hooyo akaishusha mwenyewe, akaifunga kwa karatasi, akamwekea mapajani. "Siwezi kusema na baba wa mtu," akasema.

Siku iliyofuata nililitafuta kopo lile tena. Jina la babu lilikuwa na namba yake kwenye daftari kuu la duka, na bahasha yake ilikuwa mahali pake. Ndani kulikuwa na kipande kimejikunja, kimekuwa cha kahawia. Shati linaonekana, na bega moja. Palipokuwa na uso kuna tundu lenye kingo zilizoungua.

Nilifanya hesabu zangu, kwa sababu hiyo ndiyo namna yangu ya kuugua. Labda alinifundisha kwa sababu ya dhambi ile. Labda kila alichonipa kilikuwa fidia, na mimi nilidhani ni upendo. Labda yule mama wa bibi arusi alifukuzwa ili mtu mwingine alipe deni la ukweli ambalo yeye hakulilipa. Labda hakufikiria lolote kati ya haya, na hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote.

Hooyo hakukasirika. Alikaa siku tatu akiukwepa ukuta. Siku ya nne aliniita.

"Nenda kwake," akasema. "Usigombane naye, ni mzee. Muulize jambo moja tu. Muulize baba yangu alikuwa na sura gani. Wote waliomwona wamekufa. Amebaki yeye."

Nilimkuta Mpiga Picha uani kwa binti yake, kwenye kiti cha kamba, redio ndogo mapajani. Alinitambua kwa hatua.

"Msomi. Leo unatembea kama askari."

Nilimwekea kile kipande kilichoungua kiganjani. Akakigusa kwa kidole gumba, taratibu, mpaka kidole kikaingia tunduni, kikasimama hapo. Akazima redio.

"Kopo la nne," akasema.

"Kopo la nne."

"Balbu ya sabini na tano ilikufa Jumanne," akaanza, kama mtu aliyekuwa akingojea kuulizwa kwa miaka thelathini. "Mvua ilikuwa imekata barabara, lori la Nairobi halifiki. Nilikuwa na ya mia na hamsini. Alhamisi asubuhi nikaitia. Nikafunga lenzi mpaka kumi na sita, nikajiona nimeupunguza mwanga. Na kweli, Msomi, mwanga nilikuwa nimeupunguza. Lakini lenzi iko chini ya negativu. Joto linabaki juu. Nikawasha taa ili nilenge, mtu akabisha mlango wa mbele, nikatoka kumjibu. Niliporudi kuna moshi. Nikachukua bahasha ya jirani yake, nikaijaza kivuli."

"Ungemwambia."

"Arusi ilikuwa kesho yake."

"Ungemwambia kesho kutwa."

"Kesho kutwa alikuja na nyama ya arusi, akanishukuru mpaka nikaona haya."

"Na mimi je, adeer? 'Una paji la babu yako'? Miaka minne?"

"Ulikuwa na huzuni siku ile," akasema. "Nilitaka ufurahi kidogo."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, mengine mazuri sana, na yote yakanitoka kichwani. Nikasema tu nilichotumwa.

"Hooyo anauliza baba yake alikuwa na sura gani. Wewe ulimpiga picha. Na ukamtia kwenye mashine ukamtazama. Hakuna mwingine aliye hai."

Uso wake ulichangamka kwa kazi. Akainua mikono, akaiweka hewani kama iko juu ya ubao. "Negativu ilikuwa nzito," akasema. "Nilimpiga saa sita, jua la utosini, shati jeupe limekula mwanga wote. Nilipanga nimpe punje arobaini kwenye nane, kisha kola niiongeze kumi, vinginevyo ingetoka kama maziwa. Upande wa kushoto kulikuwa na ukuta wa chokaa unarudisha mwanga, ungeonekana kwenye sikio..."

"Uso, adeer."

"Nakuja huko. Kwenye negativu mambo ni kinyume, unajua. Kilicho cheusi..."

"Uso wake ulikuwaje?"

Mikono ilibaki hewani, kisha ikashuka polepole mapajani.

"Sikuuangalia," akasema. "Walikuja wengi siku zile, foleni mpaka nje. Na siku ile kwenye mashine nilikuwa naangalia mwanga."

Nikasimama. Akanishika mkono, akanivuta chini, na sauti yake ikawa ya upole kabisa, ile aliyokuwa akiitumia na wafiwa.

"Sikiliza. Mwambie alikuwa na paji pana. Watu wengi wa kwenu wana paji pana. Mwambie kidevu kama chako, na macho ya mtu mpole. Ataridhika. Nani atabisha?"

Niliutoa mkono wangu mkononi mwake. Nikampa binti yake funguo za duka, na tasbihi juu yake, nikaondoka bila kuaga. Sijawahi kuondoka hivyo kwa mtu mzima.

Kutoka pale mpaka kwetu ni mwendo wa nusu saa. Nilipofika nusu ya njia niligundua kwamba ninaupanga ule uso. Paji pana. Macho ya upole. Niliuongezea kovu dogo juu ya nyusi, kwa sababu kovu huaminika. Nilijaribu kuutoa kichwani, ukarudi ukiwa umekamilika zaidi, na nikaona jinsi hooyo atakavyoupokea, na jinsi nyumba itakavyopumua. Ilikuwa rahisi. Sikuwahi kuamini kwamba ni rahisi namna ile.

Hooyo alikuwa amesimama mlangoni.

"Amesema nini?"

"Hakumwangalia, hooyo."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akanisogelea, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, akauinua uso wangu kwenye mwanga wa mlango, akaanza kuupitia taratibu, paji, nyusi, pua, pembe za mdomo, kama anayetafuta mtu ndani yake. Nami nilisimama pale, sijui uso wangu niuweke vipi.